UZI: Gugumaji la Ziwa Victoria, na kwa nini kila kampeni huja na mashine yake

Kila mdahalo wa kisiasa unaofanyika upande wa ziwa una dakika zake tano za gugumaji. Wa kwanza anaahidi mashine ya kulivuna. Wa pili anasema mashine si kitu, yeye ataleta kiwanda cha kuligeuza mbolea. Wa tatu anasema hiyo ni kazi ya kaunti. Wa nne, ambaye anataka kiti cha kaunti, anasema ni kazi ya serikali kuu. Halafu wanahamia swali la barabara na tunasahau hadi uchaguzi mwingine.

Kwenye uzi huu sitaji mtu wala chama. Mkitaja, hiyo ni yenu.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, mambo ya mimea nimeyafuata tu kwa sababu siasa imeyaingilia. Na kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisikia likisemwa jukwaani: hili gugu tulishawahi kulipiga chini. Mwishoni mwa miaka ya tisini lilikuwa limefunika karibu hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, ule mkono wa ziwa unaoingia ndani hadi Kisumu. Kufikia 2000 sehemu kubwa yake ilikuwa imekufa na kuzama. Aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo ni mdudu wa nusu sentimita hivi, na hakuna aliyemkatia utepe.

Kwa nini basi hatumsikii kwenye midahalo? Na kwa nini gugu lilirudi? Twende polepole.

Gugumaji asili yake ni bonde la Amazoni, Amerika Kusini. Lilitembea duniani kwa sababu lina ua zuri la zambarau. Watu walilibeba kupeleka kwenye bustani na vidimbwi vya nyumbani, na huko likatoroka. Marekani inasimuliwa kwamba lilisambaa baada ya maonyesho ya New Orleans ya 1884. Misri lilifika kabla ya karne ya kumi na tisa kwisha. Miaka ya hamsini likawa tayari liko Mto Kongo na Nile Nyeupe kule Sudan. Kwetu, Waganda waliliona Ziwa Kyoga 1988, likaonekana Ziwa Victoria mwaka uliofuata, na mwanzoni mwa miaka ya tisini likawa limeshafika upande wa Kenya. Mlango wake mkubwa ulikuwa Mto Kagera, ambao unakusanya maji ya Rwanda na Burundi na kuyamwaga ziwani upande wa magharibi. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema gugu “lililetwa” na serikali fulani ya Kenya, mwambie aangalie ramani kwanza.

Sasa, linavyofanya kazi. Shina la jani limevimba kama chupa, ndani kuna hewa, ndiyo maana linaelea. Mizizi inaning’inia majini kama ndevu na inafyonza chakula moja kwa moja kutoka kwa maji, haihitaji udongo. Mmea mmoja unatoa vikonyo pembeni, kila kikonyo kinazaa mtoto, mtoto anazaa wake. Maji yakiwa na joto na rutuba, eneo linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili, au hata chini ya hapo. Pia linatoa mbegu zinazozama kwenye matope na kukaa hai miaka kumi na tano na zaidi zikingoja nafasi.

Hapo kwa “maradufu” ndipo siasa yote ya mashine inapoangukia, hebu tupige hesabu pamoja.

Tuseme mheshimiwa ameleta mashine na imefanya kazi ya ajabu: imeondoa asilimia 90 ya gugu. Imebaki 10. Baada ya wiki mbili ni 20. Wiki nne, 40. Wiki sita, 80. Kabla ya miezi miwili kuisha umerudi ulipoanza, na pesa zimeshalipwa. Najua ziwani mambo hayaendi kwa usafi wa kikokotoo, upepo na nafasi na chakula vina neno lao, lakini picha ndiyo hiyo. Ukipunguza gugu bila kugusa kinacholikuza, umelipalilia tu.

Kisha kuna uzito. Hekta moja iliyosongamana inaweza kuwa na tani 200 au zaidi za mmea mbichi. Zidisha kwa zile hekta 17,000: tani milioni 3.4. Lori la tani kumi litahitaji safari 340,000. Ukiwa na malori mia moja, kila moja likipiga safari moja kwa siku bila hata sikukuu ya Krismasi, utamaliza baada ya zaidi ya miaka tisa. Na zaidi ya asilimia 90 ya ulichobeba ni maji. Unalipa dizeli kusafirisha maji ya ziwa kwenda nchi kavu.

Sisemi mashine haina kazi. Inayo. Ukitaka kufungua gati ili feri itoke, au kulinda bomba linalovuta maji ya mji, au kupisha mashua pale Dunga, mashine na mikono ndivyo vitu vya haraka. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambako umeme wa Uganda ulikuwa ukitatizwa na gugu hili hili, wasingeweza kumngoja mdudu. Shida ni pale kifaa cha kufungua mlango kinapouzwa kwetu kama dawa ya ziwa zima.

Wale wazee wa miaka ya tisini watawaambia hali ilivyokuwa. Bandari ya Kisumu ilizibwa. Mvuvi alilala akiwa na njia ya kutoka, akaamka na kukuta mkeka wa kijani hadi upeo wa macho, kwa sababu upepo unalisukuma gugu kutoka ghuba moja hadi nyingine usiku kucha. Wengine walikwama humo ndani na mashua zao. Chini ya mkeka hakuna mwanga, hewa inapungua, samaki wanaohitaji maji mazuri wanahama au wanakufa. Kamongo na mumi wanavumilia, lakini mbuta na ngege ndio walikuwa wanalipa karo. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda kujishikiza kwenye ile mizizi. Mtoto anayeteka maji anasimama hapo hapo.

(Hilo la upepo likumbukeni pia kisiasa. Gugu likisukumwa kwenda Kendu Bay, kuna mtu Kisumu atapiga picha ya maji safi na kuandika “tumetimiza ahadi”. Wiki ijayo upepo unageuka na yeye hapatikani kwa simu.)

Serikali tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zilitia saini makubaliano ya mradi wa pamoja wa mazingira ya Ziwa Victoria mwaka wa 1994, pesa nyingi zikitoka Benki ya Dunia na washirika wake. Kwa upande wa Kenya, sehemu ya mpango ilikuwa kandarasi ya kusagasaga gugu. Mwaka wa 1999 mashine zilianza kulikatakata na kuliacha lizame papo hapo majini, lengo likiwa hekta 1,500. Linganisha na 17,000. Wanamazingira walipiga kelele, na walikuwa na hoja: gugu likioza ndani ya maji linakula hewa ya samaki na kuirudisha rutuba yote kule kule ilikotoka. Ni kama kufagia taka chini ya kitanda.

Kulikuwa pia na wazo la sumu, dawa za kuua magugu zinyunyiziwe kutoka juu. Hilo lilipingwa vikali, na mkumbuke biashara ya samaki ilikuwa kwenye kamba nyembamba: mwaka huo huo wa 1999 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Nani angekubali kumwaga nyingine?

Wakati kelele zote ziko kwa mashine na sumu, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea kimya kimya katika kituo cha utafiti wa kilimo pale Kibos, nje tu ya Kisumu. Walikuwa wanafuga fukusi.

Si yule fukusi wa mahindi. Hawa ni aina mbili kutoka Amerika Kusini, kwa kitaalamu Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, na chakula chao ni gugumaji. Walikuwa wamejaribiwa kabla ya kuletwa: Marekani iliwaachilia Florida tangu mwanzo wa miaka ya sabini, Sudan ikafuata. Uganda iliwaachilia 1995, Kenya Januari 1997. Mkubwa anakwangua jani usiku na kuacha makovu ambayo kuvu hupenyea. Mabuu wanatoboa shina la jani, lile lenye hewa, na maji yanaingia. Mmea unadhoofika, unaacha kuchanua, unadidimia kidogo kidogo, mwishowe unazama. Zaidi ya fukusi 100,000 waliachiliwa upande wetu ndani ya miaka michache, wengine wakiwa wamefugwa na wavuvi wenyewe kwenye mabeseni na matangi ufuoni.

Miezi ya kwanza hakuna kilichoonekana. Hiyo ndiyo tabia ya fukusi, wanahitaji kama miaka mitatu au zaidi waongezeke hadi wawe jeshi. Jiulize ni mwanasiasa gani anaweza kusimama jukwaani 1997, mwaka wa uchaguzi, aseme: “Nimewaletea wadudu, mtaona matokeo baada ya uchaguzi.” Angezomewa. Mashine inapakwa rangi, inaandikwa jina la mfadhili, inapigiwa ngoma siku ya kuzinduliwa. Fukusi hata akikaa kwenye kiganja chako hujui kama anafanya kazi.

Darasani tunaambiwa wanasiasa hufanya zaidi kile ambacho mpiga kura anaweza kukiona na kukihusisha nao. Sijapata mfano bora kuliko huu.

Lazima niseme upande wa pili pia, maana wataalamu wenyewe walibishana. Kuna waliosema si fukusi walioliua gugu, ni mvua za El Niño za 1997 na 1998: mawimbi yaliivunjavunja mikeka, mawingu yakapunguza mwanga, maji yakapanda. Wengine wakajibu kwamba gugu lilididimia pia mahali na wakati ambapo El Niño haiwezi kulieleza, na mimea iliyozama ilikuwa na makovu ya fukusi wazi wazi. Ubishi huo ulichapishwa kwenye majarida ya kisayansi hadi 2007. Nikisoma pande zote mbili, nawapa ushindi watu wa fukusi, na hali ya hewa ikiwa imewasaidia: mmea uliotobolewa huvunjika kirahisi zaidi wimbi likija. Lakini angalia kilicho muhimu kwetu. Kwenye ubishi huo wote, hakuna upande uliosema gugu lilikwisha kwa sababu ya mashine.

Sasa swali gumu: kama fukusi ni moto hivyo, gugu lilirudi vipi?

Fukusi anakufa na chakula chake. Mikeka ilipozama, wengi walizama nayo, na wachache tu walibaki kwenye vipande vya ukingoni. Chini kwenye matope mbegu zilikuwa bado zimelala. Mwishoni mwa 2006 ikaja mvua kubwa, mito ikamwaga rutuba na udongo ziwani, mbegu zikaamka, na mapema 2007 picha za setilaiti zikaonyesha ghuba ikiwa kijani tena. Wakati kama huo ndipo unahitaji matangi ya fukusi yakiwa tayari, wafugaji wakilipwa, mtu akihesabu. Kazi hiyo ni ya kila mwaka, hata mwaka ambao ziwa liko safi na hakuna anayelalamika. Lakini mradi wa wafadhili una tarehe ya kuanza na ya kuisha, na ziwa likiwa safi bajeti ya fukusi ndiyo rahisi kukata. Nani ataandamana kutetea matangi ya wadudu?

Pia mashine na fukusi wanaweza kugombana. Ukivuna mkeka wote unavuna na fukusi waliomo. Kwa hivyo anayekuahidi vyote viwili muulize ana mpango gani wa kuacha sehemu ambazo hazitaguswa, ili wadudu wawe na makao.

Hata hivyo fukusi peke yake hatoshi, na hapa ndipo watu wa pande zote wananikasirikia. Gugu ni njaa ya rutuba. Likila vizuri linakua haraka kuliko fukusi anavyoweza kulitafuna. Rutuba hiyo inatoka wapi? Maji taka ya miji yasiyosafishwa vizuri. Mbolea inayosombwa mashambani. Udongo wenyewe, kwa sababu fosforasi husafiri ikiwa imeshikamana na udongo, na Mto Nyando ukifurika huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukitaka ushahidi wa karibu, watu wa Nairobi mnaijua Nairobi Dam pale kando ya Kibera. Watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga hapo. Maji taka yakaingia, gugumaji likafuata, leo mgeni anaweza kudhani ni shamba.

Ghuba ya Winam nayo ina shida ya umbo. Haina kina kirefu, na inabadilishana maji na ziwa kuu kupitia mlango mmoja mwembamba karibu na Rusinga. Kulikuwa na mlango mwingine mdogo pale Mbita, lakini miaka ya themanini ulijazwa mawe na udongo ili watu wavuke kwenda kisiwani kwa gari. Wakazi walilalamika miaka mingi kwamba maji yamesimama. Baadaye likajengwa daraja na maji yakapata kupita tena. Nalitaja kwa sababu ile barabara nayo ilikuwa maendeleo, tena ya kweli, watu waliihitaji.

Nyando inaanzia milima ya Nandi na Tinderet. Sondu Miriu inashuka kutoka Mau na nyanda za Kericho. Yaani mkulima ambaye udongo wake unalisha gugu anapigia kura gavana mwingine kabisa, na mvuvi anayekosa samaki hana kura huko. Gavana wa juu akitumia pesa kupanda miti kingo za mto, faida inaonekana kaunti ambayo hatawahi kuomba kura. Gavana wa chini anaweza kununua mashine hamsini na bado mto ukamletea chakula cha gugu kila mvua. Ramani ya mipaka yetu na ramani ya maji hazikuchorwa na mtu mmoja.

Sasa kazi ni ya nani? Katiba ya 2010 haijaacha giza kama wanavyodai. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne linaipa serikali kuu ulinzi wa mazingira na maliasili, ikiwemo uvuvi, na ulinzi wa maji. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti huduma za maji na usafi, hapo maji taka yamo, na utekelezaji wa sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji. Kwa maneno mengine, yule anayesema “si kazi yangu” ana ukweli nusu, wote wawili. Na kwa kuwa Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa, kuna ngazi ya tatu: Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao yake makuu yako Kisumu kwenyewe, lakini sijasikia mgombea akiulizwa atapeleka nini huko.

Kuhusu viwanda vya mbolea, bayogesi na viti: naheshimu sana wanawake na vijana wanaosuka vikapu na fanicha kutokana na vikonyo vilivyokaushwa, hiyo ni riziki halali. Lakini kiwanda kinahitaji malighafi kila siku, na malighafi hii inahamishwa na upepo, nayo karibu yote ni maji. Na kikifaulu je? Utakuwa na mwekezaji na wafanyakazi wanaotegemea gugu lisiishe. Baada ya hapo jaribu kuomba bajeti ya fukusi.

Msidhani mambo haya ya jukwaani yalianza kwetu. Mwaka wa 1910 katika bunge la Marekani uliletwa mswada wa kuagiza viboko kutoka Afrika wawekwe kwenye mito ya Louisiana, wale gugumaji na watu wale viboko. Haukupita. Sisi viboko tunao tayari pale Kisumu, wameoga na gugu miaka thelathini na kitu, na gugu bado lipo.

Kwa hivyo mkipata maikrofoni kwenye mdahalo ujao, msiulize “utafanya nini kuhusu gugumaji”, maana hilo lina jibu la kukariri. Ulizeni mtambo wa maji taka wa mji wako unasafisha kiasi gani cha maji yanayoingia, na utasafisha kiasi gani baada ya miaka mitano. Ulizeni matangi ya fukusi yako wapi leo na yametengewa shilingi ngapi mwaka huu wa fedha. Ulizeni mmezungumza na kaunti za juu ya mto mara ngapi. Akianza kuwaeleza kuhusu mashine, mpeni kikokotoo na aanze na asilimia 10.

Uzi ujao ni wa sukari. Huo nao una mambo.